Sekunde Kumi na Moja Ukutani

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili msinitafute barabarani. Hapa mtaani kwetu Mudzipela kuna watu wanaonijua kama sauti tu: wanapita, wanasikia redio inakoroma dirishani, wanajua nipo. Mama mudogo, yaani mdogo wake mama, anayeishi na siye tangu alipokimbia kijiji chake, ananiita kuku ya mayai.

"Lakini kuku ya mayai, hata kama haitokake, inatoaka kintu," anasema. "Weye unatoaka nini? Moshi tu."

Moshi ni wa kweli. Nilimaliza sekondari katika elektrisite, nikapata diploma, baba akaifunga kwenye plastiki na kuitundika ukutani, na tangu hapo natengeneza vitu vya watu kwenye meza iliyo karibu na dirisha: redio, taa za sola, amplifaya za makanisa, simu zilizoanguka chooni. Meza ile ndiyo safari yangu yote. Baba alikufa, diploma ikabaki ukutani, na mimi nikabaki chini yake. Siku dada yangu mdogo alipoondoka, nilikuwa pale pale.

Alikuwa amegombana na mama juma zima. Alitaka kuvuka ziwa kwenda upande wa Uganda na mwanaume mmoja aliyekuwa ananunua dhahabu kwenye machimbo. Mama hakumtaka yule mwanaume, na alilisema neno hilo kwa sauti kubwa hata majirani wa avenyu ya pili hawakuhitaji kuja kuuliza. Asubuhi ya safari dada akafunga mizigo yake.

Kwetu mtu akiondoka anasindikizwa. Hata aliyekuja kuomba chumvi unatembea naye hatua chache. Mtoto wa nyumba anayekwenda mbali unamfikisha mpaka barabara kubwa, unamshikia mfuko, unasimama mpaka gari iondoke na vumbi litue. Asubuhi ile mama alikaa jikoni anachambua maharagi, hakuinuka. Dada akaja kusimama mlangoni kwangu.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "hautanisindikiza?"

"Ngoja nimalize hii soldo."

Soldo moja, yaani kulehemu waya mmoja, haichukui hata dakika. Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa mtupu. Nikasema atakuwa bado barabarani, nikatafuta viatu, nikapata kimoja. Mtu wa nyumbani akikosa kiatu kimoja anaona ni ishara kutoka juu. Nikakaa tena.

Siku mbili baadaye video ikafika kwenye simu ya mama. Sekunde kumi na moja. Dada yuko Mahagi-Port, kando ya maji. Nyuma yake kuna pirogi, mitumbwi ya mota, na wanawake wenye mabeseni ya samaki. Mtu fulani amemshikia simu. Anageuka, anaangalia kamera, uso unakunjamana, anapunga mkono, anageukia ziwa. Upepo umekula sauti yote. Baada ya hapo namba yake haikupita tena. Wauza samaki tuliowapigia walisema pirogi ile ilifika ng'ambo salama, na dada alishuka kwa miguu yake. Zaidi ya hapo hakuna anayejua. Kwa hiyo hatukufanya matanga, maana hakuna aliyekufa, na hatukupumua, maana hakuna aliyepiga simu. Sasa ni mwaka wa tatu.

Mama alibaki na swali moja. Alikuwa analiuliza asubuhi akinipa chai, analiuliza akitoka kanisani, analiuliza katikati ya habari za bei ya mahindi.

"Pale kwenye video, alikuwa anacheka ao analia?"

Na si swali la bure. Kama dada alikuwa anacheka, basi alivuka na moyo mweupe, na kitu kingine ndicho kinachomzuia kupiga simu: namba imepotea, yule mwanaume, ugonjwa, sijui. Kama alikuwa analia, basi aliondoka na lile jiko kichwani, na mama yake ameinamia maharagi. Mama hakuwahi kunieleza hivyo. Alisema tu: "Kama alikuwa analia, ni miye."

Tulikuwa tumegawanyika. Mama mudogo alisema anacheka, tena anaonyesha meno. Jirani yetu wa moto, yaani pikipiki, anayebeba abiria kutoka Mudzipela mpaka Lumumba na kurudi, na anayekunywa chai kwetu kana kwamba tulimzaa, alisema analia. Mimi nilisema jua lilikuwa linamuumiza macho. Nilisema hivyo kwa sababu lilikuwa jibu lisiloumiza mtu.

Mama mwenyewe hakuweza kuona. Macho yake yalikuwa yameanza kuharibika kutoka katikati. Daktari alimweleza kwamba nyuma ya jicho kuna mahali pamechakaa, na hakuna miwani ya hapo. Akikuangalia usoni anaona doa jeusi mahali pa pua yako, masikio anayaona. Kwa hiyo alikuwa anageuza kichwa na kukuangalia kwa pembeni kama kuku anayechungulia punje. Uso wa dada kwenye simu ulikuwa mdogo kuliko lile doa. Ulipotea wote.

"Ungekuwa mukubwa kama mulango," alisema siku moja, "ningejaribu. Na daktari anasema doa inapanuka. Ufanye mbio."

Hapo ndipo mtu wa nyumbani alipopata kazi.

Kutupa picha ukutani si ajabu. Watu wa mpira wanayo mashine yao pale barabarani, inaonyesha wachezaji wakubwa kama ng'ombe. Nilimwomba mwenye nayo, akakubali, tukajaribu mchana mmoja. Ilikuwa mashine ya zamani, doti zake, yaani nukta za picha, chache. Uso wa dada ulijaa ukuta kweli, lakini ulikuwa umekatwa miraba, kila mraba na rangi yake.

Mama aliugeuzia shavu la kushoto, akaugeuzia la kulia.

"Huyu si mutoto wangu," alisema. "Hii ni karo za bafu, vile vigae vya ukutani."

Nikarudi nyumbani nimeamua kujenga ya kwangu, yenye doti nyingi mpaka miraba iishe. Niwaeleze kidogo, si kwa kujisifu. Mtaona mwisho kwamba hakuna cha kusifu. Ekra, yaani skrini ya simu, ni vioo viwili vyembamba, na katikati kuna kimiminika ambacho si maji kabisa wala si kitu kigumu kabisa. Shuleni tulijifunza habari zake kwa Kifaransa, na sikio letu linakishika hivi: kristo likidi. Kila doti ni mlango mdogo. Umeme ukiugusa, kimiminika kinajipinda, na nuru inayopita inapindwa nayo. Lakini jicho la mtu halioni kupindwa huko. Lazima kuwe na plastiki mbili nyembamba za kijivu, moja nyuma ya kioo na moja mbele, ambazo zinachuja nuru. Ndizo zinazofanya mlango mmoja uonekane mweusi na mwingine mweupe. Bila plastiki hizo picha ipo na haionekani. Niliwaeleza wote wa nyumbani. Mama mudogo alisikia neno moja tu.

"Kristo nani?"

"Likidi. Kristo likidi."

"Kristo ya maji." Akaiangalia meza. "Na iko ndani ya simu?"

"Iko ndani ya kila simu, mama mudogo. Karibu kila simu."

Jumapili iliyofuata wanawake watatu wa kikundi chake cha maombi walikuja kusimama mlangoni kwangu na vikwembe, vitenge vyao vya kanisa, wakaangalia meza, wakaangalia moshi, wakaomba. Sikuwazuia. Mashine ilikuwa haijawaka hata mara moja, na mimi nilikuwa nimefika mahali pa kukubali msaada wowote.

Ilinichukua miezi saba. Mashine ya kwanza ilikuwa boksi la viatu na lenzi ya kusomea Biblia. Picha ilitoka hafifu, juu chini, na mama mudogo akauliza kwa nini dada anatembea kwa kichwa. Ya pili ilitumia ekra ya kompyuta iliyokufa, na ilikuwa na karo kama ile ya mpira, karo ndogo kidogo. Shule moja ilikuwa imetupa mashine ya walimu ya kuonyesha karatasi ukutani. Humo nilitoa lenzi nzuri na lile bamba la plastiki lenye miduara linalokusanya nuru. Kutoka amplifaya ya kanisa nikapata chuma cha kupoza taa. Vantilateri mbili, feni ndogo, zilitoka kwenye kompyuta ile iliyokufa. Kilichobaki kilikuwa ekra.

Nilitaka ekra ndogo yenye doti zilizobanana mpaka jicho lisiweze kuzitenganisha. Simu za kifahari zinazo, lakini si zote zinafaa, maana nyingine kila doti inawaka yenyewe, haina mlango wa kufungua. Jirani wa moto akapewa kazi ya kuuliza kila mahali abiria wanapomfikisha. Alileta simu nne zisizofaa, na kila mara alizileta na maneno mengi.

"Kuku ya mayai, leo nakuletea yenyewe!"

"Hii inawaka yenyewe, vieux, mzee wangu. Sitaki."

"Inawaka yenyewe, haimuombe mutu, na weye unaikatalia! Watu wengine hawana shukrani."

Ya tano ilikuwa ya mchuuzi mwingine wa dhahabu aliyeikalia. Kioo cha juu kilikuwa vumbi tupu, lakini ndani hakukuvunjika kitu. Nilipoifungua na kutenganisha ekra na taa yake ya nyuma, nikaiweka mbele ya dirisha, nilihesabu doti kwa lenzi ya Biblia mpaka nikaacha. Sikuweza kuzimaliza hata za upana wa ukucha.

Nilipigilia blanketi kwenye dirisha. Hiyo ilikuwa raha kubwa. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kulifunga dirisha lile miaka mingi. Boksi ilikuwa ya mbao, ndefu kama kasha la kuwekea kuku, taa upande mmoja, lenzi upande mwingine, na ekra imesimama katikati kama dirisha dogo. Nikawasha. Nikatupa ukutani picha ya kujaribia, herufi ndogo ndogo. Ukuta ulikuwa na chokaa, na juu ya chokaa niliweza kusoma kila herufi, hata zile ndogo za mikataba ya wakili.

Nilikaa chini. Hakuna aliyeniona nikikaa chini, kwa hiyo naweza kusema ni kwa sababu ya mgongo.

Sikumwita mama siku ile. Nilisema kuna marekebisho. Yalikuwepo kweli, pembe moja ya plastiki ya mbele ilianza kuinuka kwa joto, lakini hilo lilikuwa la dakika tano na mimi nilichukua siku tisa. Niliogopa kuiona video kabla yake, na niliogopa kuiona pamoja naye. Nilisafisha lenzi mpaka mama mudogo akasema nitaitoboa. Mwishowe mama mwenyewe alikuja, akigusa ukuta kwa mkono, akasimama mlangoni pale pale alipokuwa amesimama dada.

"Doa imefika kwenye masikio yako," alisema. "Lini?"

"Kesho mchana."

Kesho yake nilitoka kwenda kuchota mafuta ya jenereta kwa jirani, maana batri ya sola ilikuwa imeamka na uvivu wangu. Nilikuwa nje dakika kumi, labda kumi na tano, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari ya nje ya nchi. Niliporudi nilikuta chumba kimefagiwa. Meza imetandikwa kitambaa cheupe cha Krismasi. Viti vinne vimepangwa. Boksi langu limepanguswa vumbi, kifuniko kimeinuliwa kwa heshima, na mama mudogo amesimama kando yake anatabasamu kama bibi arusi.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mtu akinunua kiti kipya hatoi plastiki. Redio haitolewi plastiki, godoro halitolewi plastiki, hata rimoti inakaa ndani ya mfuko wake miaka mitano. Plastiki inatolewa siku kunapokuja wageni wa heshima kabisa. Kuitoa ni kusema: leo ni leo.

Mkononi mwa mama mudogo kulikuwa na kipande chembamba cha kijivu, kimekunjika, kimepasuka katikati.

"Ilikuwa imeshika sana," alisema kwa fahari. "Nimetumia ukucha. Sasa Kristo yako iko wazi."

Nilikichukua, nikajaribu kukinyoosha. Kilikuwa na mikunjo kama karatasi ya peremende. Nikawasha taa. Ukutani kukatoka mraba wa nuru, mweupe, mzuri, mtupu kabisa. Nikaweka video. Mweupe.

"Mbona hakuna kitu?" mama mudogo akauliza polepole.

"Ulinisikia nikieleza juu ya plastiki mbili?"

"Nilisikia. Nilifikiri ni zile za dukani." Akaangalia kidole chake chenye ukucha kana kwamba ni cha mtu mwingine. "Nilitaka tu ipendeze. Ni siku yake."

Alikaa kwenye kimoja cha viti alivyovipanga. Mama aliingia hapo, amevaa kikwembe cha kanisa, akakaa mbele kabisa na kumpa ukuta shavu lake la kushoto.

"Mimi naona nyeupe," alisema. "Ni doa imegeuka ao ni mashine?"

"Ni mashine, mama."

Jirani wa moto aliingia wa mwisho, na miwani yake ya jua usoni, ndani ya chumba chenye giza. Miwani ile ilikuwa mzaha wa avenyu nzima. Alisema ni ya polarize, inayochuja nuru, ya kweli, haikutoka sokoni, na siye tulimwambia kila siku kwamba kilicho cha kweli juu yake ni ile karatasi ya bei. Akainama juu ya boksi langu lililo wazi, kama mtu anayechungulia sufuria.

"Lakini si huyu hapa?"

"Nani?"

"Dada yako. Anapunga mukono."

"Vieux, leo si siku ya bongo na uongo."

"Bongo gani! Weye ndiye kipofu!" Akakumbuka nani amekaa chumbani, akashusha sauti. "Pardon, mama. Lakini miye namuona."

Nilimvua miwani ile usoni bila kuomba ruhusa. Nikaiweka machoni kwangu, nikaangalia ekra moja kwa moja. Alikuwa pale. Mdogo kama kiganja, kando ya maji, rangi zote. Nikainua miwani: nyeupe. Nikashusha: dada. Miwani ilikuwa ya kweli. Miaka miwili tulikuwa tumemcheka mtu juu ya kitu cha kweli.

"Nahitaji kioo kimoja," nikasema.

"Kimoja cha nini?"

"Cha miwani yako."

"Hii njo uso yangu ya kazi! Nitaendesha na jicho moja kama muzimu?" Alikuwa anasema huku tayari amebana fremu kwa vidole gumba, na kioo cha kulia kikaruka na kuanguka kwenye kitambaa cha Krismasi. "Chukua. Na usiniambie tena ni ya bandia."

Mbele ya lenzi nuru inakuwa nyembamba, inaingia yote kwenye kioo cha miwani. Nilikishika pale kwa koleo na kukizungusha polepole. Ukuta ukawa mweupe, kijivu, kahawia. Halafu maji yakatoka. Pirogi zikatoka, mabeseni, na katikati dada yangu, mkubwa kuliko mlango, anatugeukia.

Mama mudogo alianza kulia hapo hapo. Jirani akavua kofia.

Mimi niliangalia uso. Niliangalia kwa macho ya miezi saba. Hakukuwa na doti hata moja ya kuonekana. Ekra ilifanya kazi yake yote. Na uso ulikuwa miraba. Miraba laini, kama ya mtu anayeangaliwa kupitia kioo cha bafu, lakini miraba. Nilichelewa kuelewa, kwa sababu sikutaka kuelewa. Video yenyewe ilikuwa imebanwa wakati wa kutumwa, kutoka simu moja hadi nyingine, kwa mtandao wa Mahagi-Port. Miraba ilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza. Ningeweza kutafuta ekra yenye doti mara kumi zaidi, ningeonyesha miraba ile ile, safi kabisa. Ni jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari angelijua kabla ya kubomoa amplifaya ya kanisa.

Video ikaisha, ikaanza upya. Mdomo umefunguka, lakini umefungukia nini? Sikujua. Nilikuwa najitayarisha kusema tena lile jibu la jua.

"Rudisha," mama alisema.

"Inarudi yenyewe, mama."

Hakuwa anauangalia uso. Uso ulikuwa ndani ya doa lake, ukubwa ule wote haukutosha. Kichwa alikuwa amekigeuza kabisa, karibu anaangalia mlango, na dada alikuwa anapita kwenye pembe ya jicho lake, pale ambapo bado kulikuwa na uhai. Ikapita mara tatu. Mara nne.

"Bega," alisema.

"Bega gani?" mama mudogo akauliza.

"La kushoto. Linapanda mbele ya mukono." Akainua bega lake mwenyewe, kidogo, kama mtu anayesukuma mfuko usidondoke. "Tangu mutoto. Akitaka kulia na hataki tumuone, bega hii inatangulia. Siku ya kumuzika baba yake ilifanya vile. Siku ya matokeo ya shule ilifanya vile." Akalishusha bega. "Analia."

"Inaweza kuwa ni mufuko," nikasema. "Anaweza kuwa amebeba mufuko."

"Yuko na mufuko?"

Niliangalia. Mikono yote miwili ilikuwa mitupu.

"Hapana."

"Basi."

Hakulia. Alikaa tu, shavu ukutani, na dada akaendelea kugeuka, kuinua bega, kupunga mkono, kugeukia ziwa. Mimi nilikuwa nimeshika koleo, na kila nilipopumua ukuta mzima ulitikisika. Mtu wa soldo, nilisema moyoni, shika sawasawa angalau hii. Kisha nikasikia harufu. Kioo cha miwani kilikuwa kinaungua katikati, mahali nuru ilipobana. Doa la kahawia lilitokea usoni pa dada, likapanuka, likala mabega, likala maji. Nikakitoa kioo haraka. Ukuta ukarudi mweupe.

"Ni doa yangu?" mama akauliza.

"Ni mashine, mama. Miwani imeungua."

"Na yeye bado iko pale?"

"Iko. Inapita ukutani sasa hivi. Haionekani tu."

Mama akakubali kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo jambo pekee nililowahi kumweleza akalielewa. Akasimama. Akajifunga kikwembe upya, akakaza.

"Nipeleke barabarani," alisema.

"Kufanya nini, mama? Kuna jua."

"Nipeleke."

Nilitafuta viatu. Vyote viwili vilikuwa chini ya meza, vimekaa pamoja kama watu wasio na hatia. Nikamshika mkono. Tulipita jikoni, tukapita kiti chake kidogo cha kuchambulia maharagi, tukatoka uani. Majirani waliacha kufua ili kuniangalia. Mmoja akapaza sauti kwamba mvua itanyesha leo, kuku ya mayai imetoka. Mama mudogo, nyuma yetu, alimwambia anyamaze, na alinyamaza.

Si mbali, mpaka barabara kubwa. Ni mbali ukitembea na mtu anayeona pembeni tu. Moto zilipita, lori moja la mbao, wanawake wenye beseni za pondu, yaani kisamvu. Mama alinisimamisha mahali magari ya kwenda Mahagi yanapopakia watu. Siku ile hakukuwa na gari. Kulikuwa na mafuta yaliyomwagika, na mbuzi.

Alisimama kwa muda ambao mtu husimama mpaka vumbi litue. Mimi nilikuwa nakunja uso, maana macho yangu hayajazoea jua. Mtu akinipiga picha pale, hamtajua kama nacheka au nalia.

"Njo hapa, ndiyo hapa ningefika naye asubuhi ile," mama alisema. "Hakuna mbali."

"Hata miye," nikasema.

Akageuza kichwa, akanitafuta kwa pembe ya jicho, sijui kama alinipata.

"Turudi," alisema. "Umeacha taa inawaka."